Sakafu na Dari: Kuzisoma Sheria za Mtandao Ukiwa Ingleburn

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ni sentensi moja. Inaanza na mtu yeyote, inampa kitenzi kimoja, kuchapisha, kisha inatanda: taarifa iliyo katika picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote; ndani ya mfumo wa kompyuta; huku akijua kuwa ni ya uongo, ya hadaa, ya kupotosha au isiyo sahihi; kwa nia ya kukashifu, kutishia, kudhalilisha, kutukana, au vinginevyo kuuhadaa au kuupotosha umma, au kushawishi kosa litendwe. Msomaji anafika mwisho pumzi zimemwishia, na hapo ndipo anapotajiwa bei: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Bunge liliipitisha sheria hiyo Aprili 2015 kwa hati ya dharura, Rais Jakaya Kikwete akaitia saini mwezi huohuo, nayo ikaanza kutumika 1 Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba. Siasa ya tarehe hizo imesemwa sana. Maandishi yenyewe, namna sentensi zilivyofungwa na uzito ulipowekwa, hayajapata uhakiki wa kutosha. Tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Sheria tumewaachia mawakili, nao huisoma wakitafuta mlango wa kumtolea mteja. Lakini sheria nayo ina fani. Ina msimulizi asiyejitaja, ina mhusika asiye na jina, ina takriri, na ina mwisho unaoumiza.

Tuanze na orodha. Sifa nne za taarifa zimepangwa kwa kuteremka: uongo, hadaa, upotoshaji, kutokuwa sahihi. Ngazi ya kwanza ni dhambi inayojulikana na kila mtu. Ngazi ya mwisho ni kosa la mwandishi wa habari aliyekosea tarehe. Mwandishi wa sheria amezifunga zote nne kwa "au" moja, na kwa hiyo mbele ya hakimu zinasimama sawasawa. Kinachowatenga mwongo na aliyekosea ni kitenzi kimoja kidogo kilichotangulia, "akijua", nacho kinabeba mzigo wa sentensi nzima. Kiondoe, na kila mtu mwenye simu yumo hatiani.

Orodha ya pili, ile ya nia, imejengwa kwa ujanja zaidi. Kukashifu, kutishia, kudhalilisha, kutukana: matendo manne yanayohitaji mtu wa kutendewa. Unaweza kumwita mahakamani aje aseme alivyoumia. Kisha linaingia neno "vinginevyo", na mtendewa anabadilika ghafla kuwa umma. Umma hauitwi mahakamani. Hautoi ushahidi, hauulizwi maswali na wakili wa utetezi. Sentensi imehama kutoka kwa jirani yako hadi kwa taifa zima bila kuweka hata nukta-mkato, na msomaji wa haraka hahisi kwamba amevushwa.

Sasa linganisha na kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo, kinachohusu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Hicho kimeandikwa kwa pumzi mbili. Kifungu kidogo cha kwanza kinakataza: mtu asiingie, wala asisababishe mfumo uingiliwe, kwa makusudi na kinyume cha sheria. Nukta. Kifungu kidogo cha pili kinaadhibu. Mkono ulioandika hapa umetulia, unajua unachokiogopa. Makosa mengi ya kiufundi yamepata mtindo huu wa katazo kwanza, adhabu baadaye. Ni makosa ya maneno ndiyo yanayofanya sentensi ipoteze utulivu na kuanza kulimbikiza visawe, kana kwamba mwandishi hakuwa na hakika ni kipi hasa kilimkera.

Na tazama bei. Sheria ilivyopitishwa 2015, anayevunja na kuingia katika mfumo wa kompyuta anaanzia faini ya shilingi milioni tatu, au mara tatu ya faida aliyojipatia ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Anayechapisha taarifa isiyo sahihi kwa nia mbaya anaanzia milioni tano. Kifungo kinaanzia mwaka mmoja kwa wa kwanza, miaka mitatu kwa wa pili. Mvunjaji aliyeondoka mikono mitupu amepewa sakafu iliyo chini kuliko mtu aliyeandika neno. Sidhani kama kuna mbunge aliyesimama kutetea ulinganisho huo. Umejificha kwa sababu vifungu hivyo viko mbalimbali na hakuna anayevisoma kwa kuvipanga bega kwa bega.

Neno sakafu nimelitumia kwa makusudi, maana hapa ndipo penye umbo halisi la sheria hii. Adhabu zake nyingi zina kiwango cha chini bila kiwango cha juu kutajwa. Zimejengwa kama chumba chenye sakafu ya zege kisichoezekwa. Matokeo yake yanaonekana katika hukumu. Mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni kumhusu Rais John Magufuli, naye akapewa kuchagua: shilingi milioni saba au miaka mitatu jela. Miaka mitatu ndiyo sakafu yenyewe. Aprili 2020, Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums kwa kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji wake. Adhabu ilikuwa milioni tatu au mwaka mmoja. Ukirudi kwenye kifungu cha 22 unakuta tarakimu hizohizo, milioni tatu na mwaka mmoja, kama kiwango cha chini kabisa. Hakimu alisimama juu ya zege. Angeona kosa ni dogo kuliko hapo, sheria haikumwachia pa kukanyaga.

Ingleburn, ninakozisomea sheria hizi, ni kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney, ndani ya manispaa ya Campbelltown, stesheni moja baada ya Macquarie Fields ukitokea mjini. Upande mmoja wa reli ni nyumba na maduka, upande wa pili ni eneo kubwa la viwanda na maghala, na wakazi wake wametoka pande nyingi za dunia. Mtanzania anayeishi hapa anatembea na simu moja na sheria mbili. Akiwa ameketi kwenye behewa anasikiliza sauti iliyotumwa kutoka Mwanza kwenye kundi la ukoo, anaisambaza kwa ndugu walioko Dodoma, na tangu simu ilipoingia mfukoni hajafikiria hata mara moja kwamba kuna wabunge wa nchi mbili waliokwisha kuandika juu ya kidole chake.

Sheria ya huku, Kanuni ya Jinai ya shirikisho ya 1995, ina sura nyingine kabisa hata kwa macho. Kifungu cha 474.17 kimekatwakatwa. Mtu anatenda kosa ikiwa, (a), anatumia huduma ya kusafirisha mawasiliano. Na, (b), anaitumia kwa namna ambayo watu wenye busara, wakiangalia mazingira yote, wangeiona kuwa ya kutisha, ya kusumbua au ya kuudhi. Chini yake, mstari wa peke yake: adhabu, kifungo cha miaka 5. Hakuna "isiyopungua" wala "isiyozidi". Ni mpaka uende kwenye sheria nyingine, ya mwaka 1914, ndipo unapoambiwa kwamba tarakimu iliyowekwa mguuni mwa kifungu ni ya juu kabisa. Jimbo la New South Wales, katika sheria yake ya jinai ya 1900 iliyotiwa sura ya makosa ya kompyuta mwaka 2001, halimsumbui msomaji hivyo; linaandika waziwazi kwamba hiki ni kiwango cha juu. Hapa ni dari. Chini yake hakimu anaweza kushuka hadi onyo.

Nimeshawasikia watu wakisema kwamba sheria ya Australia ni ya upole. Sikubaliani. Ina dari, ndiyo, lakini angalia alikofichwa mhusika wake. Ile "akijua" ya Tanzania haimo katika 474.17. Nia haimo. Kifungu kimenyamaza kimya, na ukitaka kujua nini lazima kiwe moyoni mwa mshtakiwa unarudi nyuma hadi Sura ya 2 ya Kanuni, inayosema kwamba panapokuwa kimya, kwa tendo itatakiwa kukusudia, na kwa mazingira ya tendo itatosha kutojali hatari uliyoiona. Ni sheria inayomtaka msomaji aliyeshika kurasa mbili kwa wakati mmoja. Mtu wa kawaida anasoma (a) na (b), anafunga, anadhani ameelewa.

Na kwa nini "huduma ya kusafirisha mawasiliano", maneno mazito namna hiyo, badala ya mtandao au simu? Jibu liko katika Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika 1901. Kifungu cha 51 kiliipa serikali ya shirikisho mamlaka juu ya posta, telegrafu, simu na huduma nyingine za aina hiyo. Makosa ya jinai kwa jumla yakabaki kwa majimbo. Bunge la Canberra linapotaka kugusa uhalifu wa mtandao kwa upana, njia yake kubwa ni kupitia waya. Kwa hiyo mtukanaji wa WhatsApp anashtakiwa kwanza kama mtumiaji wa waya, na tusi lenyewe linakuja katika herufi (b). Mpangilio huo haukutokana na uchaguzi wa kifasihi, lakini una athari za kifasihi: tendo linatangulia, maneno yanafuata, na hukumu ya maneno inakabidhiwa watu wa tatu.

Hao watu wa tatu, watu wenye busara, ndio wahusika wanaonishughulisha zaidi katika maandishi yote haya. Tanzania imeweka jicho ndani ya kifua cha mtumaji: alijua nini, alikusudia nini. Australia imeliweka jicho nje, kwa watu wasiokuwepo ambao hakimu anawakaribisha kichwani mwake. Kifungu cha 473.4 kinampa vigezo: viwango vya maadili na adabu vinavyokubaliwa na watu wazima wenye busara, ubora wa kifasihi, kisanaa au kielimu wa kilichotumwa kama upo, na tabia yake kwa ujumla. Ubora wa kifasihi! Sheria ya jinai inamwagiza hakimu awe mhakiki kabla hajawa mwadhibu. Mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Australia ilipoamua kesi ya Monis, kuhusu barua zilizotumwa kwa familia za wanajeshi waliouawa Afghanistan, majaji sita walikaa juu ya pacha wa kifungu cha 474.17, ule unaohusu posta, kuamua kama kukataza ujumbe wa kuudhi kunaendana na uhuru wa mawasiliano ya kisiasa. Waligawanyika watatu kwa watatu, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Uamuzi wa mahakama ya chini ukabaki kwa sababu tu hakukuwa na wa kuuvunja. Majaji sita wa juu kabisa wa nchi ni watu wenye busara kwa kipimo chochote.

Sasa mpe mtu huyo mwenye busara picha ya khanga. Mwanamke wa Ingleburn anapiga picha khanga yenye jina la kumchoma mwenzake, anaituma kwa mke wa zamani wa mumewe bila kuongeza neno. Kwa kifungu cha 16 tuna picha, maandishi na alama katika kitu kimoja, lakini hakuna taarifa ya uongo; methali haina usahihi wa kupimwa. Kifungu cha 23 cha Tanzania, kinachokataza ujumbe wa kusumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo, kinauliza nia, na nia ya khanga inajulikana na kila aliyelelewa Tanga au Mjini Unguja. Kwa 474.17 swali ni jinsi watu wenye busara wanavyouona. Watu wepi? Kamusi ya hakimu wa Campbelltown itamwambia kwamba ni msemo kuhusu ndege au kuhusu chungu. Mkalimani atasema maneno, hatasema jeraha. Kifungu kinataja mazingira yote, na wakili mzuri atasimama hapo hadi jioni akimleta shahidi aeleze khanga ni nini, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba fumbo la Kiswahili litapita salama pale ambapo tusi la wazi la Kiingereza lingenaswa.

Kenya na Uganda nazipitia kwa haraka, kila moja kwa kishazi kimoja. Sheria ya Kenya ya 2018, ambayo Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu vyake 26 mwezi uleule iliosainiwa na kuvirudisha Februari 2020, ina vifungu viwili vya uongo vilivyofuatana. Cha 22 kina dari ya miaka miwili, cha 23 kina dari ya miaka kumi, faini ni ileile ya hadi milioni tano. Kinachokuza kifungo mara tano ni maneno kwamba taarifa imekusudiwa kuleta taharuki, ghasia au vurugu, *au imezileta*. Katika hiyo "au" ya pili mtu anabebeshwa matendo ya umati. Uganda, kwa upande wake, ilikuwa na kifungu cha 25 cha sheria yake ya mwaka 2011 kilichomwadhibu anayevuruga mara kwa mara amani, utulivu au faragha ya mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki, yawe yamezaa mazungumzo au hayakuzaa. Kishazi hicho cha mwisho kina harufu ya sheria za Marekani dhidi ya wapiga simu wanaokata bila kusema. Mtu alikihamisha na kukipandikiza kwenye zama za Facebook, ambako hakuna anayenyanyua mkono wa simu. Mwanaharakati Stella Nyanzi alishtakiwa kwa kifungu hicho na kingine cha unyanyasaji kwa shairi aliloandika kuhusu siku ya kuzaliwa ya Rais Museveni. Agosti 2019 aliachiwa kwa cha 25, akafungwa miezi 18 kwa kile kingine, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakifuta kifungu cha 25 chote. Sababu kubwa ilikuwa ya uandishi: hakieleweki, kwa hiyo hakimpi raia njia ya kujua ameingia lini katika kosa. Ni uhakiki wa fani uliofanywa na majaji.

Turudi Machi 2021, maana hapo ndipo sheria hizi zilipopata mtihani ambao mwandishi wa hadithi asingethubutu kuubuni. Rais Magufuli alikuwa haonekani hadharani tangu mwisho wa Februari. Makundi ya WhatsApp yakajaa: anaumwa, yuko Nairobi, yuko India, amefariki. Waziri wa Katiba na Sheria, Mwigulu Nchemba, akawakumbusha watu kifungu cha 16, na polisi wakakamata watu kwa madai ya kueneza uongo kuhusu afya ya rais. Usiku wa 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo. Sydney ilikuwa tayari asubuhi ya Alhamisi.

Weka taarifa zile kwenye ngazi ya sifa nne. "Anaumwa": ilionekana kuwa kweli. "Yuko India": isiyo sahihi, kwa kadiri ilivyojulikana baadaye. Aliyesambaza alijua nini? Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililozaa uvumi. Kifungu kinachosimama juu ya "akijua" kinahitaji mahali fulani pawe na ukweli unaoweza kujulikana. Serikali inaponyamaza, nguzo ya sentensi inaelea hewani. Wanaosema kifungu cha 16 ni kikali mno wamekosea shabaha kidogo. Kwa ukali wake wote, kikisomwa kama kilivyoandikwa, kingewaachia wengi wa wale waliokamatwa. Tatizo lilikuwa kwamba kilitumiwa kama tangazo badala ya kusomwa kama sentensi.

Na Mtanzania wa Ingleburn aliyesambaza sauti ile kwenye behewa, kama ilikuwa ya uvumi huo? Hapa kuna kishazi kilichofichwa mbali nyuma, katika kifungu cha 30 kuhusu mamlaka ya mahakama. Miongoni mwa aya zake kuna inayomfikia raia wa Tanzania anayeishi nje, ikiwa tendo lake lingekuwa kosa vilevile kwa sheria ya nchi anakoishi. Kwa aya hiyo, hakimu wa Kisutu anatakiwa kufungua kitabu cha Canberra. Akikifungua hatakuta kosa la jumla la kusema uongo mtandaoni. Hata muswada wa 2024 kuhusu taarifa potofu, uliolenga kampuni za mitandao na si watumiaji, uliondolewa Novemba mwaka huohuo kwa kukosa kura. Atakuta 474.17, ambayo haiulizi kama jambo ni kweli. Sauti ya uvumi kuhusu afya ya rais haimtishi wala kumsumbua mtu, na kuudhi ni hoja dhaifu. Lakini mtu huyohuyo akimtumia shemeji yake wa Morogoro vitisho usiku kucha, vitabu viwili vinakutana: nia ya kifungu cha 23 kule, macho ya wenye busara huku, na neno "vilevile" linatimia ingawa sentensi mbili zimejengwa kwa mantiki zinazopishana.

Kisha kuna siku ya uraia. Manispaa za huku hufanya sherehe, watu wanakula kiapo, wanapiga picha. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo akishaapa anaacha kuwa raia wa Jamhuri ya Muungano, na aya ile ya kifungu cha 30 haimfikii tena. Anaingia katika sentensi nyingine. Makosa ya mawasiliano ya Kanuni ya Australia yana mamlaka yanayovuka mipaka, na kifungu cha 15.1 kinatoa utetezi kwa aliyetenda akiwa nchi ya nje ambako tendo si kosa, ila utetezi huo umeandikwa kwa ajili ya asiye raia wa Australia. Mwenye pasipoti mpya, akirudi likizo Kigamboni na kumwandikia mtu ujumbe kutoka barazani kwa shangazi yake, anaandika chini ya dari ya miaka mitano ya 474.17, na sheria ya shangazi, yenye sakafu, nayo inamhusu kwa kuwa yuko ndani ya Tanzania.